Picha Nyuma ya Picha

Nyamisangura, Tarime
Alhamisi, mchana

Bhoke mwanangu,

Utakapoiona barua hii utakuwa umeshakaa ndani ya gari la Mugumu, maana nitaiweka chini ya kitambaa cha chakula, mahali ambapo mkono wako hautafika mpaka njaa ikushike. Isome yote kabla gari halijafika. Usiiache nusu ukasema utaimalizia Mbalibali kwa mjomba wako. Humu ndani kuna jambo ambalo ni lazima ulijue kabla hujashuka na kumtazama mjomba Marwa usoni. Kwa miaka minane nimeshindwa kulisema kwa mdomo.

Umekwenda Gorong'a kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Basi nina mchana huu tu. Nimeshafagia karakana mara mbili. Nimenoa patasi ambayo haikuwa butu. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda kuchungulia barabarani kana kwamba ungeweza kuwa umefika Gorong'a na kurudi kwa saa moja, kisha nimekaa tena.

Sitakuandikia habari za kula na kulala, wala watu wa kujihadhari nao. Hayo bibi yako anakuambia sasa hivi, na anayajua kuliko mimi. Kazi nayo umeshaijua. Kona zako zinafungana kuliko zangu. Nayaandika haya kwa sababu kila uliponionyesha fremu nilikuambia "si mbaya," nikageuka kutafuta msumari ambao sikuuhitaji. Nitakuandikia yale niliyoyaharibu. Fundi hawaonyeshi watu vitu alivyoviharibu, huvificha, na anayejifunza kwake huondoka akidhani mkono wa mwalimu haukuwahi kukosea. Mimi nilificha kimoja vizuri mno. Nitakifikia.

Nianze na ng'ombe wa Mzee Nyamhanga. Ulikuwa hujazaliwa, nami nilikuwa nimemaliza miezi sita tu kwa Fundi Salum, yule mzee wa Tabora aliyenifundisha kazi hii hapa hapa Nyamisangura. Mzee Nyamhanga alileta picha aliyopigwa mnadani, amesimama na dume lake jeusi. Tulikuwa na fremu moja tayari, nzuri, ya mninga, ila ilikuwa fupi kuliko picha. Fundi Salum alikuwa amekwenda msikitini. Nikaona nisimsumbue. Nikachukua wembe, nikapunguza picha upande mmoja kwa upana wa vidole viwili, ikaingia sawasawa. Nilifurahi. Mzee alipokuja akaishika, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa upole sana:

"Kijana, huyu ng'ombe wangu ana mkia?"

"Anao, mzee."

"Uko wapi?"

Nikamwambia fremu ilikuwa fupi.

"Basi ungeirefusha fremu. Mimi ng'ombe sikumleta apunguzwe. Hapa umenirudishia mimi, kichwa, na tumbo. Hao watakaokuja kuniona watauliza, Nyamhanga, ulipigwa picha na ng'ombe au na mtungi?"

Watu waliokuwa kibarazani walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye lundo la maranda nikitafuta mkia. Niliupata, umekunjwa. Fundi Salum aliporudi hakunipiga wala hakunikaripia. Alitengeneza fremu mpya kwa mbao zake mwenyewe, akaunganisha ule mkia kwa nyuma na ukanda wa karatasi, ukaonekana mstari mwembamba tu. Kisha akaniambia, "Mwita, ukiona picha na fremu hazipatani, kosa ni la fremu. Siku zote."

Usisahau hilo, Bhoke. Watu wa Mugumu ni kama sisi, watakuletea picha wamesimama na mifugo, na baiskeli, na redio iliyofunikwa kitambaa. Wewe utaona redio. Kwa mwenyewe hiyo ndiyo sababu ya kupiga picha.

La pili ni la mbao mbichi. Shule moja iliagiza fremu kubwa ya picha ya Rais, na mwalimu mkuu alitaka iwe ukutani kabla wageni wa wilaya hawajafika. Nilijua mbao zangu bado zina maji. Nilizisikia kwenye msumeno, zilikuwa zinauma meno. Lakini nilimwogopa mwalimu mkuu kuliko nilivyoziogopa mbao, nikamwambia Jumatatu itakuwa tayari, na Jumatatu ikawa tayari. Kona zilikuwa zimefungana hata unywele haupiti. Kiangazi kilipoingia mbao zikakauka, kona zikaachana, mbu angeweza kupita na mzigo. Nilikwenda kuziziba kwa gundi na vumbi la msumeno, watoto wa darasa la tatu wakinitazama. Tangu hapo nimejifunza kusema "siwezi kwa siku hiyo." Ni maneno magumu kuyasema mara ya kwanza. Mteja atakunja uso, atasema atakwenda kwa mwingine, na pengine atakwenda. Mwache aende. Atakayerudi atakuwa wako.

Bei itaje kabla hujashika msumeno, si baada ya kazi wakati mtu ameshapenda kitu na hawezi kukataa. Na akikuomba umpunguzie, mpunguzie urembo wa mbao, usipunguze hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuma. Nyuma ndiko mende na unyevu huingilia, na mteja hakuoni. Jina la mteja liandike nyuma kwa penseli. Wino hupenya, nami nina mteja mmoja, mama wa Nyamwaga, ambaye pichani jina la mume wake limemtokeza kwenye paji la uso.

Kioo unajua kilivyo adimu siku hizi. Duka la ushirika halijapata hata kimoja tangu mwaka jana. Wapo wanaovileta kutoka mpakani, upande wa Sirari, wamevifungia ndani ya godoro, wapo wanaong'oa madirisha ya nyumba walizohama. Usiulize, lakini pia usikate kwa pupa. Paka gurudumu la kalamu ya kioo mafuta ya taa, vuta pumzi, pitisha mara moja. Ukiona mkato wako ni hafifu utatamani kuurudia. Usirudie. Mkato wa pili ndio unaopasua.

Nimeinuka tena. Balozi wa nyumba kumi alipita, akasimama mlangoni akitazama ule ukuta wa mbele.

"Mwita, Rais kaenda wapi?"

"Yuko mezani, balozi. Namfuta vumbi."

"Mfute upesi. Ukuta mtupu unauliza maswali."

Akacheka, nami nikacheka. Ile picha ya Rais iko mezani kweli, mbele yangu, kando ya karatasi hii. Nimeifungua nyuma. Ni ile ile ambayo umeifuta vumbi kila Jumamosi tangu ulipokuwa na miaka tisa. Siku moja ulinyoosha mikono kuishusha ukasema, "Tata, mbona hii ni nzito kuliko nyingine?" Nikakujibu mbao yake ni ya mvule. Si ya mvule, Bhoke. Kila fundi wa fremu anajua kwamba nyuma ya picha kuna nafasi ya kutosha kitu kingine.

Nyuma ya Rais kulikuwa na mama yako.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, na unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Ulikuwa na miezi sita. Mpiga picha alikuja mnadani na kamera yake ya miguu mitatu. Robi, mama yako, alikuwa ameazima kilemba cha jirani. Yule mtu alipoingiza kichwa chini ya kile kitambaa cheusi mama yako akaniuliza kwa sauti, "Huyo anatafuta nini humo?" Watu wakacheka, yeye akajikaza asicheke, na kwenye picha unamwona amebana midomo. Kabla ya kupigwa alilamba kidole gumba akakufuta nyusi zikalala. Nyusi zako zilikuwa zinang'aa kwa mate yake. Hakuna aliyebaki anayelijua hilo ila mimi.

Ile ndiyo picha pekee aliyopigwa maisha yake yote. Nikaiwekea fremu mwenyewe. Fundi Salum alinifundisha kwamba picha isiguse kioo, kwamba katikati uweke kadibodi uliyoikata kama dirisha ili picha ikae nyuma kidogo. "Picha nayo hutoka jasho," alikuwa akisema, "ipe mahali pa kutolea." Lakini bibi yako alikuwa anakuja kututembelea, kadibodi ilikuwa imekwisha, na mimi nilitaka picha ing'ae. Nikaibana moja kwa moja kwenye kioo. Iling'aa kweli. Bibi yako aliisifu. Nikaitundika kwenye ukuta wa udongo, bila hata vile vibao viwili vidogo vya kuitenga na ukuta.

Ulipokuwa na miaka mitatu mama yako akafariki. Hilo nimeshakusimulia, sitalirudia leo. Picha ikabaki pale ukutani, mvua zikapita, masika baada ya masika. Ulikuwa ukiamka unaisalimia. Hukumbuki, lakini ulikuwa ukisema "mama, shikamoo," halafu wewe mwenyewe unajibu "marahaba" kwa sauti nzito.

Kisha tukaambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa. Ulikuwa na miaka tisa, unaikumbuka siku ile. Lori lilikuwa linangoja barabarani, watu wanang'oa mabati, wewe uko nje umewafunga kuku miguu. Mjomba wako Marwa alikuwa amekuja kutusaidia kupakia. Mimi niliingia ndani kuichukua picha. Nikafikiri, lori hili litarukaruka, kioo kitavunjika, vipande vitamkata Robi. Heri niitoe picha kwenye fremu niibebe kifuani. Nikang'oa misumari ya nyuma, nikaondoa hadibodi, nikashika karatasi kwa kona ya chini, nikavuta polepole.

Ilikuja kidogo, kisha ikakataa. Pale ndipo mtu anapaswa kuacha. Mimi nilisikia dereva anapiga honi, nikavuta tena. Nikasikia mlio mdogo, kama kitambaa kinachobanduliwa kwenye kidonda kilichokauka. Nikageuza kioo.

Uso wako haukuwepo. Ule utando wenye sura ulikuwa umeshikana na kioo, nami nilikuwa nimeuchana vipandevipande, na pale ulipokuwa wewe pamebaki weupe wa karatasi. Mama yako hakuguswa. Amegandamana na kioo, mzima, na kilemba chake cha kuazima, amebana midomo.

Nilipiga magoti pale chini. Nilikuwa natazama picha ambayo aliyekufa ni mzima na aliye hai amechanika. Na aliyekuchana ni baba yako. Mjomba Marwa akaingia, akaona. Akamtazama dada yake pale kwenye kioo. Alisema tu, "Mwita mura, mtoto anakuja."

Ukaingia na kuku mkononi. "Tata, picha ya mama iko wapi?"

Nikasema, "Mjomba wako ameshaipakia."

Lilikuwa neno la kupata muda tu. Nilidhani jioni nitakuambia. Lakini tulipofika kijijini ukaitafuta kwenye kila sanduku, ukapanda juu ya magunia, na kisha ukasimama mbele yetu wote wawili ukauliza tena. Nikasikia mdomo wangu unasema imeanguka njiani, mjomba wako hakufunga kamba vizuri. Yeye alikuwa amesimama pale pale, Bhoke. Alinitazama kidogo. Kisha akakuambia, "Ni kweli. Kamba ni yangu mimi."

Siku ya pili nilimfuata nikamwambia nitakueleza. Akakataa. Akasema, "Mwache. Mtoto akimkasirikia mjomba, atakula kwa baba yake. Akimkasirikia baba, atakula kwa nani? Mama hana." Akarudi kwake. Nami nikashika maneno yake nikajificha ndani yake, kwa sababu yalinifaa.

Mwezi ule ule ukapata homa. Nilikaa siku nne sishiki msumeno, nikikugusa nyayo kila mara nione kama zina joto. Sikumwambia mtu nilichokuwa naogopa. Ulipopona sikutulia. Mpaka leo ukichelewa kurudi kutoka kisimani naona ule weupe. Hata sasa nimetoka tena kutazama barabara.

Mwaka ule ule tulipohamia hapa mjini nikaificha nyuma ya Rais, pale unapofuta vumbi. Mara nyingi nilitaka kuitengeneza. Nilishakata kadibodi yenye dirisha dogo, linalomwonyesha mama yako kuanzia mabega kwenda juu. Ukiliweka, hakuna mtu atakayejua kwamba chini palikuwa na mtoto. Ni kazi safi, pengine ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kukata. Sikuweza kuiweka. Ningekuwa nakukata mara ya pili, na safari hii kwa rula.

Sasa umepata benchi la kazi kwenye ushirika wa mafundi wa Mugumu. Katibu wao, siku ya majaribio, alikutazama akakuuliza fundi mwenyewe yuko wapi, nawe ukamjibu amekaa mbele yako anangoja mbao. Ulinisimulia ukicheka na mimi nilicheka. Kisha ukasema utalala kwa mjomba Marwa mpaka upate chumba, kwa kuwa huna pengine, na uso wako ukabadilika. Hapo ndipo nilipojua kwamba mchana wa leo umefika.

Kioo nimekifunga kati ya hadibodi mbili, nikakizungushia blanketi, kimo kwenye sanduku lako la bati, chini kabisa. Ndiyo maana nitakukazania kituoni usimruhusu utingo aliweke juu ya gari. Likae mapajani. Ukifika, utafungua na utaona nilichokifanya. Utakasirika, nami sitakuambia usikasirike. Ukitaka kukaa muda bila kuniandikia, kaa. Nitakuwa hapa hapa, na nitaendelea kutazama barabara.

Naomba mambo mawili tu. La kwanza ni la kazi. Usijaribu kumbandua mama yako kwenye kioo. Kuna mafundi watakaokuambia uloweke maji, au upitishe mvuke wa birika. Usikubali. Hicho kioo sasa ndiyo picha yenyewe. Mwekee hadibodi kavu nyuma, vibao viwili vya kumtenga na ukuta, na usimtundike kwenye udongo. Ile kadibodi yangu yenye dirisha dogo nimeiweka humo pia, uione, lakini usiitumie. Kata nyingine yenye dirisha kubwa. Chini ya ule weupe mkono wa mama yako haukuchanika. Umekunjika, vidole vimefungana, unaonekana kabisa kwamba unabeba kitu, na kitu hicho ni kizito kidogo na yeye hataki kukiangusha. Usiufunike mkono huo.

La pili ni la mjomba wako. Nimekuwa nikikusikia kwa miaka minane. Kila akija hapa unamwambia "habari, mjomba," kama unavyomwambia mpita njia, na kuingia ndani. Mimi nilinyamaza. Sijui kama umewahi kusikia anavyokujibu. Wewe unasema "habari," naye anajibu "marahaba." Kila mara. Nilidhani kwanza ni masikio. Si masikio.

Hajawahi kuniomba nimwonyeshe hiki kioo, na huyu ni dada yake, na hana picha nyingine. Kesho atakuwa amesimama kituoni na lile koti lake kubwa. Shuka na sanduku mkononi. Kabla hujamweleza lolote, mpe shikamoo yake. Jibu ameshalitoa.

Nakusikia barabarani, unamcheka mtu. Ngoja nimrudishe Rais ukutani.

Baba yako,
Mwita